Matanga ya Mzee wa Ukutani

Jambo la kwanza, kabla ya glavu, kabla ya aproni, kabla hujafungua bomba kupima joto la maji: msalimie. Usimvue mtu mzima shati kama hujamwuliza ameamkaje. Mkisahau mengine yote nitakayosema humu, hilo moja lishikeni.

Najua nyinyi mnaosomea kulea wazee mnafundishwa mengi pale chuoni Campbelltown, hapa Sydney. Mjukuu wangu Kevine alinionyesha masomo yake kwenye simu: mishale, michoro ya uti wa mgongo, na video ambazo mzee anatabasamu muda wote kana kwamba kuogeshwa na mgeni ni sherehe. Nikamwambia huyo ni mwigizaji. Mzee wa kweli atakutukana, atakutemea uji, halafu kesho yake atakuuliza kwa hasira kwa nini umechelewa kuja. Kevine akacheka. "Bibi, you should do a podcast." Podcast siijui, kusema ndiyo najua. Nimestaafu, na magoti yangu yalistaafu kabla yangu, kwa hiyo siku hizi kazi yangu ni kunywa chai na kukosoa. Basi kaeni niwakosoe.

Kazi ya kulea wazee nilifundishwa na watu wawili. Wa kwanza ni Mele, mama wa Kitonga, wa vile visiwa vya Pasifiki, mwenye mabega ya kubeba jokofu na sauti ya kubembeleza kichanga. Wa pili ni rais wa Marekani. Msicheke. Huyo wa pili hatukuwahi kuonana, maana alikufa kabla nyanya wa nyanya yangu hajazaliwa. Jina lake mnalijua, sura yake iko kwenye pesa za kwao. Lakini mimi tangu siku ya kwanza nilimwita Mzee wa Ukutani, na umri huu sibadilishi majina ya watu.

Nilifika Sydney nikitokea kambini Kigoma. Mimi Mrundi, Kiswahili nilikiokota kambini, na Kiingereza nilikuwa nacho cha kuombea chumvi tu. Nyumba ya wazee iliyonipokea ilikuwa mwendo mfupi kutoka stesheni, na menija wake alikuwa Denise, mwanamke mwembamba mwenye funguo nyingi kiunoni. Alinichukua kwa majaribio. Nami majaribio hayo niliyaanza vibaya.

Kulikuwa na mashine ya kunyanyulia wagonjwa, ina mikono ya chuma na kitambaa cha kumning'iniza mtu hewani. Niliiogopa. Asubuhi moja mzee mmoja mdogo mdogo, mkavu, alitaka kwenda kuota jua, na mashine ilikuwa mbali. Nikafanya kama tulivyofanya kambini tulipowapeleka wazee zahanati: nikainama, nikampandisha mgongoni, nikamfunga kwa kitenge changu, tukashika njia. Mzee alifurahi kweli. Alikuwa anawapungia wenzake mkono kila mlango tuliopita. Kwenye kona tukakutana na Denise.

"Goreth! Put him down!" Kisha akaona namna alivyofungwa. "No! Don't put him down! Stay there!"

Nikasimama pale pale na mzee mgongoni kama mama aliyeambiwa asubiri foleni ya kliniki, mpaka mashine ikaja. Nilipewa onyo. Na nyinyi nawaambia bila aibu: tumieni mashine. Mgongo hauna spea, na huo wangu nauhisi kila mvua ikitaka kunyesha.

Mele ndiye aliyenifuta machozi siku ile. Akaniweka kwenye kiti cha jikoni, akaukamata mkono wangu wa kulia, akaushika tu. Nikatulia. Halafu akaniuliza, "Nimekugusa wapi kwanza?" Nikasema mkono. Akasema, "Basi. Mtu ana mlango kama nyumba. Mlango wake ni mkono. Hakuna anayeingia nyumbani kwa mtu kupitia bafuni." Tangu siku hiyo sijawahi kuanza kazi mahali pengine. Mkono kwanza, tena mkono uliopashwa moto, maana ukimgusa mzee kwa vidole vya baridi mwezi wa saba, umemfungulia vita.

Sasa nije kwa Harlan.

Mzee Harlan aliletwa katikati ya baridi. Alikuwa Mmarekani, mwalimu wa historia aliyemfuata mke wake Mwaustralia huku, akafundisha watoto wa Sydney mpaka akastaafu. Mke alikuwa amefariki. Binti yao mmoja tu alikuwa anaishi Marekani. Harlan alikuja na sanduku, na picha kubwa ya fremu yenye kioo ambayo aliikumbatia mwenyewe kifuani kutoka kwenye gari, hakumpa mtu. Fundi akaitundika mbele ya kitanda. Harlan akalala akiielekea, akafunga mdomo.

Aliufunga kwa kila kitu. Hakula, ila vijiko viwili vitatu vya kumridhisha nesi. Hakuoga. Ukimkaribia na taulo, mkono wake unaruka kama mtego wa panya. Hakuwa mwenda wazimu, kichwa chake kilikuwa kizima kabisa, ila alikuwa ameamua. Mtu akishaamua, mjue, hata uji wa asali hauingii.

Denise akatuambia kwenye mkutano wa asubuhi kwamba hali ikiendelea vile atahamishiwa upande wa nyuma, ule wa mlango wa kufuli, ambako kuna manesi wengi wa kumwangalia mtu mmoja mmoja. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na hofu kwamba atamfia mikononi. Lakini Mele akaninong'oneza, "Kule hawaruhusu kioo. Ile picha itashushwa." Tukatazamana. Yule mzee hakubakiwa na kitu kingine duniani anachokitazama. Kuishusha ilikuwa sawa na kumzimia taa.

Zamu yangu ikafika. Nikapasha mikono, nikagonga, nikaingia, nikaiona picha vizuri kwa mara ya kwanza. Mwanaume mwenye sura ndefu iliyochoka, mashavu yamebonyea, ndevu za kidevuni bila masharubu, tai imekaa upande. Macho ya mtu aliyelala njaa akiwapa wengine chakula chake. Kwetu sisi, picha ya mtu mmoja ikitundikwa mbele ya kitanda, huulizi ni nani. Ni marehemu wa nyumba hiyo. Kambini mwenye picha ya marehemu wake alikuwa tajiri, tulikuwa tunakwenda kumwomba tuitazame.

Nikavuta kiti. Nikamuuliza, "He is dead?"

"Yes," akasema. Neno lake la kwanza baada ya siku nyingi.

Nikaushika mkono wake kwa mikono yangu miwili, nikainamisha kichwa kama desturi inavyotaka. "I am very sorry for your father."

Akageuka kunitazama. Nikadhani atanifukuza. Badala yake akasema polepole, nanyi nawawekea kwa Kiswahili, kwamba walimpiga risasi. Kwa nyuma. Mke wake alikuwa ameketi ubavuni pake, wameshikana mikono.

"Lini?"

"Good Friday."

Jamani. Nilishindwa kujizuia. Baba yangu mimi alipigwa risasi mlangoni kwetu, nasi tukakimbia hatujamzika. Hatukumlilia, maana mtu anayekimbia usiku halii, atasikika. Tulipofika ng'ambo kulikuwa na mambo ya maji na turubai, na kilio kikaahirishwa, kikaahirishwa, mpaka ikawa aibu kukianza. Sasa huyu mzungu mpweke ananiambia baba yake kapigwa risasi Ijumaa Kuu, na mama yake kashika mkono. Nililia, naye akanipapasa mkono. Tukakaa hivyo. Halafu, bila kuombwa, akaniruhusu nimwoshe uso.

Jumapili nikawaeleza akina mama wa kanisa. Kiongozi wetu alikuwa Mama Chantal, aliyekuwa anasafisha hoteli mjini na kuongoza kwaya kwa mkono wa chuma.

"Ana watu?" akauliza.

"Binti mmoja, yuko mbali."

"Nani alikwenda kumpa pole?"

"Hakuna."

"Hakuna?" Akashika kiuno. "Mtu kafiwa na baba, kwa bunduki, halafu hakuna aliyekanyaga kwake hata na kilo ya mchele? Ndiyo maana hali chakula! Atakulaje na msiba haujakaliwa?"

Hakuna aliyeuliza huyo baba alikufa mwaka gani. Mtu akiwa msibani haulizwi hivyo.

Basi Jumamosi wakaja, kwa treni, wengine kutoka Auburn na wengine kutoka Villawood, kila mmoja na kitenge chake na sufuria imefungwa kwenye taulo. Wali, maharage, ndizi za kupika, sombe, yaani kisamvu, iliyopondwa ikapondeka. Mimi nilikuwa zamu. Nilikuwa nimemwambia dada wa mapokezi kwamba familia ya Mzee Harlan itakuja kumtembelea, naye alipoona ule msafara alifungua mlango tu, nadhani kwa mshangao. Wakavua viatu mlangoni. Wakatandika mikeka kwenye zulia la nyumba ya wazee. Kila mmoja akapita kwa Harlan, akamshika mkono, akasema pole kwa lugha aliyonayo: Kirundi, Kiswahili, Kifaransa. Kisha wakakaa chini kuielekea picha, na Mama Chantal akaanzisha wimbo.

Sikilizeni, kwaya ya Warundi haijui kuimba taratibu. Wazee wakaanza kutoka vyumbani na vigari vyao vya kujishikia. Yule niliyembeba mgongoni alikuwa wa kwanza. Mele akaja, akaketi mkekani bila kuuliza, akatia sauti ya tatu. Watonga nao, kwa kuimba, hawaombi ruhusa.

Na funguo za Denise zikasikika.

Akasimama mlangoni. Akatazama mikeka, sufuria, vitenge, Harlan katikati, picha. Wimbo ukafifia.

"Goreth. What is going on?"

"We are sorry for his father," nikasema, nikainyooshea picha mkono.

Denise akaitazama picha. Akanitazama mimi. Nikaona midomo yake inahangaika, sijui ni hasira au nini. "Goreth, darling, that's the President. Of America. He died before... there weren't any cars."

 Mama Chantal akawatafsiria wenzake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na mkeka wangu. Niliwaleta mama wa watu kwa treni, na sombe, kumlilia rais! Onyo la kwanza nimeshalila kwa mzee wa mgongoni, hili la pili nilijua ni la kwenda nyumbani.

Ndipo bibi mmoja wetu, mkubwa kuliko wote, akauliza kwa Kirundi, "Huyo rais, alipigwa risasi au hakupigwa?"

"Alipigwa," nikasema.

"Mbele ya mke wake?"

"Ndiyo."

"Ana watoto?"

Nikamuuliza Harlan. Akajibu ndiyo, na kwamba mmoja alikufa mdogo wakati baba akiwa rais, naye akajifungia kulia.

"Sasa tatizo liko wapi?" akauliza bibi, akaanza kupakua maharage.

Harlan akacheka. Wallahi, kama wasemavyo majirani zetu Waislamu wa Auburn, lile koo ambalo halikutaka hata chai lilitoa kicheko cha mtu mwenye afya. Akamgeukia Denise. "Baba yangu alikuwa fundi bomba, alikufa kitandani kwake," akasema. "Na yeye hakuna aliyemwimbia. Let them finish, Denise. Please."

Akapokea sahani. Akala maharage, akala ndizi, sombe akaitilia shaka kwanza, kisha akaomba nyongeza. Denise aliitazama sahani, akanitazama mimi, akaitazama sahani tena. Mwisho akasema, "Next time, you ask me first." Wanangu, neno lililonikaa masikioni lilikuwa *next time*. Maana yake nilikuwa bado na kazi.

Picha haikushushwa.

Baadaye nilimuuliza Harlan kwa nini hakunisahihisha siku ile. Akasema amefundisha habari za mtu yule maisha yake yote. Watoto walimwuliza kama itatoka kwenye mtihani. Wenzake walimwuliza kwa nini asifundishe historia ya hapa. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia pole." Ndivyo alivyosema.

Tangu hapo tukawa na mapatano. Mimi namwosha, yeye ananisimulia. Na hapa mtege sikio, huu ni ufundi: mpe mzee la kufanya wakati unamfanyia. Anayesimulia hana nafasi ya kuona aibu. Nikajua kugawa hadithi kwa viungo. Miguu ilikuwa utoto wa Mzee wa Ukutani: kibanda cha magogo, sakafu ya udongo, mama aliyekufa yeye akiwa mdogo. Nilipenda hasa habari za mama wa kambo, maana katika hadithi zetu zote mama wa kambo ni mchawi. Huyu alikuja na vitabu, akampenda mtoto asiye wake, akamwachia asome. Shule yenyewe aliionja tu, leo wiki hii, mwakani wiki ile, kama watoto wa kambini.

Mgongo ulikuwa nguvu zake: kupasua magogo, kupiga mieleka. Kunyoa ndevu kulikuwa na hadithi yake. Mtoto wa kike alimwandikia kabla hajawa rais, akamwambia una uso mwembamba, fuga ndevu, utapendeza. Mtu mzima mwenye nchi mbele yake akamsikiliza mtoto, akafuga. Harlan akasema hapo ndipo ilipo tabia yote ya mtu yule. Alijijua si mzuri, akajitania mwenyewe kabla hujamtania, na shauri zuri alilipokea hata likitoka chini. Mimi nikaongeza kwamba alihitaji kweli zile ndevu. Harlan akasema nisimchekeshe, ana wembe shavuni.

Tena Mzee wa Ukutani alikuwa na fujo, jambo lililonifurahisha. Karatasi zake za kazi alizitia ndani ya kofia. Watoto wake waliingia ofisini wakati wa mikutano kama kuku, na mbuzi walikuwa wanatembea ndani ya ikulu. Nikamwambia Harlan, mbuzi ndani ya nyumba? Huyo alikuwa Mrundi.

Nilipofeli mtihani wangu wa cheti, nikaingia kwake macho yamevimba. Hakuniuliza. Akaanza kunihesabia mambo aliyoshindwa Mzee wa Ukutani: duka lilikufa, kura alishindwa, akasimama tena akashindwa tena. Nikamwambia kwetu husemwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akaniomba nirudie, akaifanyia mazoezi ile methali mpaka akaweza kuisema vizuri kuliko Kevine. Mtihani nikaurudia, nikapita.

Kuna jingine alilonifunza ambalo nyinyi wa WhatsApp mnalihitaji kuliko dawa. Mzee wa Ukutani akikasirika aliandika barua kali, halafu hakuituma. Jenerali wake alimwachia adui akatoroka, akamwandikia ya kumchoma, akaiweka. Basi na mimi Denise akinipangia shifti mbaya, nilikuwa narekodi ujumbe wa sauti kwa Kirundi, mrefu, wenye mambo yote hadi ya funguo zake, nausikiliza nikiwa kwenye treni, naufuta. Siku moja kidole kiliteleza ukaenda kwa kundi la kwaya. Walinicheka mwezi mzima, lakini Denise hakupata kitu.

Msidhani lakini kwamba tulimsifu tu. Siku moja, nikimkata kucha, nikamuuliza Harlan kuhusu watu weusi. Aliwaweka huru, sawa, lakini kwa nini alingoja? Vita vimeanza, watu wamo minyororoni, yeye anapima maneno. Nilikuwa na hasira kweli, nikaweka mkasi chini. Harlan hakumtetea. Akasema ndilo swali aliloliuliza darasani kila mwaka. Alikuwa mwanasiasa, alihofu kupoteza majimbo, na kuna mambo aliyowahi kuyasema juu ya watu weusi ambayo ni ya aibu kuyasoma. Watumwa wenyewe walitoroka, wakapigana, wakamsukuma. "Lakini alisukumika," akasema. "Wengi hawasukumiki. Aliyekufa siye yule aliyeingia madarakani." Nikafikiri, nikachukua mkasi, nikamwambia bado amechelewa. Akasema, "Yes. He was late." Nikampenda mzee yule siku hiyo kuliko siku zote, kwa sababu hakunidanganya ili nimpende mtu wake.

Na nikamuuliza la mwisho, lile lililokuwa ndani yangu tangu mwanzo. Vita vya ndugu kwa ndugu vilipokwisha, aliwafanyaje walioshindwa? Mimi najua vita vya ndugu vinavyokwisha kwetu. Harlan akanisimulia kwamba mwisho mwisho alikwenda kwenye mahema ya majeruhi, akapita kitanda kwa kitanda, akawashika mikono. Wa kwake, na wa adui pia. Aliwataka watu warudi nyumbani wakalime. Siku chache baadaye akauawa.

Nikamwita Mele aje asikie. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Akaanza na mkono?"

"Akaanza na mkono," Harlan akasema.

"Huyo alikuwa anajua kazi," akasema Mele, akarudi kwenye mashuka yake.

Harlan alifariki asubuhi moja ya jua, baada ya chai, mkono wake wa kushoto kwangu na wa kulia kwa Mele. Binti yake aliwahi kufika siku mbili kabla, wakazungumza, wakacheka, namshukuru Mungu kwa hilo. Alipoona akina mama wanaingia tena na sufuria akaniuliza, "Who are they?" Nikamwambia ni watu wa msibani kwenu. Safari hii tulikuwa tumemwomba Denise ruhusa, na Denise alikuja na keki.

Tulipomaliza, binti akaishusha picha ukutani, akanipa. Baba yake alikuwa amemwambia iende kwa yule aliyemwambia pole. Mimi nikasema siwezi, sisi haturuhusiwi kupokea zawadi. Hilo na nyinyi mlijue: hata soksi, uliza kwanza. Denise akageuza uso dirishani, akafuta pua, akasema picha yenyewe ina ufa kwenye kona na kwa macho yake haina thamani yoyote, nichukue niondoke nayo kabla hajabadili mawazo.

Nikapanda nayo treni, nimeikumbatia kifuani kama alivyokuja nayo yeye. Sasa iko sebuleni kwangu. Picha ya baba yangu sina, hatukuwahi kuwa nayo. Wajukuu wananiambia, "Bibi, it's kinda random." Waache.

Mwezi uliopita Mama Chantal aliniletea msichana, Ornella, aliyefika karibuni kutoka kambini, anayetaka kuingia kazi hii yetu. Alitaka nimtazame kama anafaa. Nikatayarisha maswali yangu yote ya kukosoa: mashine, maji, kucha, dawa. Msichana akaingia, akavua viatu, akainua macho, akaona ukuta. Akasimama. Akaweka mkoba wake chini, akaja moja kwa moja mpaka kwenye kiti changu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa.

"Pole sana, bibi," akasema. "Ni baba?"

Nilifungua mdomo nimweleze. Habari yote ilikuwa tayari ulimini, Marekani, Harlan, sombe, kila kitu.

"Asante, mwanangu," nikasema. "Walimpiga risasi."

Akaketi karibu yangu, hakuniachia mkono, na mimi nikalia nilivyotaka. Maswali sikumuuliza hata moja. Ameanza kazi Jumatatu, na sina wasiwasi naye.